Pumzi kwa Gari la Mkunga

Gereji, 4 Februari

Mwanangu Nati,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na mikono yako bado ina vidole kumi. Mimi na mama yako hatujambo, ila goti langu la kushoto linalalamika kila nikiingia chini ya gari, na mama yako siku hizi amekuwa mtu wa kupaza sauti. Unamuuliza kitu kidogo, anakujibu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara. Nadhani ni uzee unamwingia. Usimwambie nimesema.

Najua miaka mitatu imepita bila sisi wawili kusemezana. Ulinipigia simu mara kadhaa, sikupokea. Simu yangu ni mbovu, inakoroma tu, ndiyo maana naandika. Anwani yako nimepewa na mama yako, aliyejifanya ameisahau hadi nilipomwomba mara ya tatu.

Dhumuni la barua hii ni kazi. Unamkumbuka mkunga wa zahanati ya kilimani, yule aliyekupokea siku uliyozaliwa. Bado yupo, bado anaendesha lile gari lake la silinda nne. Akipakia mama mjamzito, mtu wa kumsindikiza na mabegi yao, gari linafika katikati ya mlima linaanza kuhema. Mwezi uliopita abiria walishuka kusukuma mara mbili. Mara ya pili hata mwenye uchungu alishuka, akamalizia kwa miguu huku ameshikilia bega la mkunga.

Wasimamizi wa zahanati wamesema nikilifanya gari hili lipande bila kuhema, magari yao yote matatu yatakuwa yakija kwangu. Nikishindwa, gereji imekwisha, maana wateja wengine wamepukutika. Baba yako mdogo anaitaka aweke milango na madirisha ya kuuza. Kila Jumamosi anakuja na futi yake, anapima ukuta, anaondoka. Jumamosi inayofuata anaupima tena, sijui anadhani unakua.

Nimekata shauri kuisaidia injini kuvuta hewa zaidi. Mimi nataka supachaja, ile pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Lakini mkunga amesikia kwa mpwa wake, ambaye ni dereva, kwamba tabo, ile pampu ya aina nyingine, ni bora. Wewe ndiye unayeshinda na tabo za malori kutwa. Niambie ukweli, ungekuwa wewe ungefunga ipi?

Wako,
Baba


Karakana ya malori, 19 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, vidole vyote kumi vipo. Mpe mama pole ya uzee, ingawa wiki iliyopita tuliongea kwenye simu na hakupaza sauti hata kidogo. Na goti lako ulikande na maji ya moto, usilikande na oili kama ulivyozoea.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni mwa ovaroli siku tano kabla ya kuifungua. Nilidhani umeandika kuhusu lile jambo. Nimeisoma mara mbili nikilitafuta, nikakuta goti, futi ya baba mdogo na supachaja.

Basi acha niliseme mimi, halafu tuongee kazi. Nilikuambia beringi ya injini ya lile gari la mwalimu inalia. Uliinamisha kichwa, ukasikiliza, ukacheka mbele ya wateja: "Unasikia mbu wako huyo." Mwalimu akaondoka na gari lake, likavunjika kabla hajafika kwake. Aliporudi amefura, ukamwambia injini ile ilifungwa na binti yako. Mimi, niliyekuambia! Baba, nikiwa na miaka tisa nilikuwa nakaa juu ya debe la oili, mpini wa bisibisi sikioni, ncha yake kwenye injini. Nikisema "hapa," unafungua hapa. Uliniamini nikiwa na miaka tisa.

Nimemaliza. Sasa kazi.

Funga tabo. Supachaja inaiibia injini nguvu ili kujizungusha yenyewe, yaani inakula kabla haijalisha. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, moshi ambao ulikuwa unatupwa bure. Mafuta yatatumika kidogo, na ukipanda juu hewa inakokuwa nyepesi, tabo inajua kufidia. Nimefungua tabo zilizozunguka dunia nzima mara kumi na bado zina hamu ya kazi. Isitoshe, wewe mwenyewe hujaniambia kwa nini unataka supachaja. Umesema tu unaitaka.

Binti yako,
Nati


Gereji, 2 Machi

Mwanangu Nati,

Marahaba. Sisi wazima. Goti nimelikanda na maji ya moto, linanukia vizuri sasa.

Yale ya mwalimu nimeyasoma. Nitayajibu, lakini si leo. Nivumilie.

Umeuliza sababu. Supachaja inaitika papo hapo. Tabo inakusubirisha, unakanyaga mafuta, inafikiri kwanza, halafu inakurusha mbele. Nilimweleza mkunga tofauti hiyo tukiwa tumeegemea gari, naye akasema, "Fundi, mwanamke mwenye uchungu akirushwa huko nyuma, nitayasikia mimi matusi yake, si wewe. Nataka gari linalosukuma taratibu." Hiyo ni moja. Ya pili, mkanda nauona kwa macho na naupima kwa dole gumba. Ukilegea najua, ukikaza najua. Tabo mambo yake yote yamo ndani, na habari zake zote ziko kwenye mlio.

Lakini sitaki useme baba yako ana kichwa kigumu. Kama unaweza kupata tabo ndogo ya injini kama hii, itume. Nitaifunga tuone. Injini nimeshaifungua na kuiwekea gasketi nene, ili hewa itakapozidi isije ikaanza kugonga. Mama yako anakusalimu sana. Salamu hizo ameniagiza kwa sauti iliyomwamsha paka.

Wako,
Baba


Karakana ya malori, 15 Machi

Baba, shikamoo.

Mama hajambo? Na paka? Mimi mzima, ila tuna kazi nyingi, hata chakula cha mchana tunakula tumesimama.

Hoja ya mkunga ni nzito, naikubali nusu. Ndiyo maana tabo niliyokutumia ni ndogo kabisa, inayoamka mapema. Imo ndani ya sanduku, nimeiviringishia fulana zangu mbili. Fulana nazitaka.

Nakuomba mambo mawili, na usinicheke. Bomba la oili linaloingia kwenye tabo usilipake ile gundi yako ya gasketi. Nakujua. Uliipaka hata kwenye kabati la vyombo la mama, hadi leo mlango mmoja haufunguki. Kipande kidogo tu kikimeguka ndani kitaziba njia ya oili, na tabo bila oili haimalizi siku.

Halafu isikilize. Niliijaribu hapa mezani kwa upepo wa kompresa. Ikiwa na oili inapiga mluzi mwembamba, kama birika linalochemka chumba cha pili. Nilipoinyima oili kidogo ilipiga ukelele, wenzangu wote wakaziba masikio. Ukiusikia ukelele huo, zima injini usisubiri hata kufuta mikono.

Nimefurahi kuandika barua hii. Sikutaka kufurahi, lakini ndivyo ilivyo.

Binti yako,
Nati


Gereji, 6 Aprili

Mwanangu Nati,

Hujambo mwanangu? Sisi huku ni wazima, na leo nina furaha ya mtu aliyepewa mtoto wa pili.

Tabo nimeifunga na juzi nikaliwasha gari. Hongera! Ni tulivu ajabu. Huo mluzi uliousema hata haupo, kimya kabisa. Nimekaa nayo injini inanguruma karibu nusu saa, mkono juu ya boneti, nikiwaza jinsi ulivyonikalia kooni na kumbe ulikuwa na haki.

Mkunga alikuja kuliona, injini ikiwa bado inanguruma. Masikini anafanya kazi kupita kiasi. Alipofika tu mlangoni alishika kichwa kwa mikono miwili, uso umekunjamana. Nikajua ni kipandauso. Nikamketisha kwenye kiti, nikamletea maji. Akawa ananionyesha boneti kwa kidole na kutikisa kichwa, nami nikamwambia ndiyo, ni kazi ya binti yangu, hata mimi siamini.

Gundi nilipaka kidogo tu, kwa mazoea. Kidogo sana. Keshokutwa tunapanda mlima, mimi na mkunga, na magunia ya mchanga nyuma kwa uzito wa abiria. Fulana zako mama yako amezifua.

Wako,
Baba


Karakana ya malori, 14 Aprili

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimesimama, barua yako imenifikia sasa hivi. Nilimpigia mama kwanza. Ameniambia hamkufika hata nusu ya mlima, gari likatoa moshi wa buluu, tabo ikakwama, mkarudi kwa kusukumwa. Namshukuru Mungu lilikuwa na mchanga, halikuwa na mtu mwenye uchungu.

Sikasiriki kuhusu tabo. Zipo nyingine. Ni kitu kingine.

Mkunga hakuwa na kipandauso, baba. Alikuwa ameziba masikio. Nusu saa nzima tabo ilikuwa inapiga ukelele mbele yako. Simu yako si mbovu, maana nimemuuliza mama naye ameitumia kunipigia mara ngapi sijui. Na mama hapazi sauti kwa ajili ya uzee. Nilimuuliza swali moja akanyamaza, na wewe unajua mama hanyamazi.

Swali lenyewe nakuuliza wewe. Baba, unasikia?

Nati


Gereji, 9 Juni

Mwanangu Nati,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea vizuri kiafya. Barua hii nimeianza mara sita. Ya kwanza nilikudanganya, ya pili pia.

Jibu ni hapana.

Sauti nene bado nazipata. Mlango ukibamizwa, lori likipita, baba yako mdogo akijisifu. Nyembamba zimekwenda. Mluzi, kengele ya baiskeli, ndege wa asubuhi, sauti yako kwenye simu. Nikikupokea nasikia tu kitu kinachokwaruza, nami sikutaka ujue kwamba sauti ya mwanangu kwangu imekuwa mkwaruzo.

Zilianza kuondoka kitambo, kabla hujaondoka wewe. Siku ile ya gari la mwalimu niliinamisha kichwa, nikasikiliza, nakuapia sikusikia kitu. Nikaona mawili: ama wewe umekosea, ama mimi ufundi umenitoka. Nikachagua kwamba umekosea. Mwalimu aliporudi, gari lake lilikuwa limeshavutwa hadi hapa, nami nilikuwa nimeshaifungua ile injini na kuiona beringi kwa macho yangu, na bado nikakusingizia wewe. Hilo siwezi kuyatupia masikio. Maneno niliyomwambia mwalimu niliyasikia vizuri kabisa yakitoka kinywani mwangu. Nisamehe, mwanangu. Nilikosa fundi mzuri na mtoto mzuri siku moja, na kosa lilikuwa langu.

Supachaja niliitaka kwa sababu mkanda sihitaji kuusikia. Ile hoja ya mkunga ilikuwa ya kweli, ila niliitanguliza mbele nijifiche nyuma yake.

Nimemweleza mkunga yote. Unajua alichosema? "Fundi, nilijua siku ile uliponiletea maji." Amewabembeleza wasimamizi, wamenipa hadi katikati ya Julai. Baba yako mdogo ameshaleta mlango wa kwanza, ameuegemeza ukutani mwangu. Nimeukagua. Ni mlango wa choo.

Sijui kama fundi asiyesikia ana haki ya kuendelea. Niambie ukweli, kama nilivyokuomba mara ya kwanza.

Wako,
Baba


Karakana ya malori, 20 Juni

Baba, shikamoo sana.

Nimelia, halafu nimecheka kwa ajili ya ule mlango wa choo, halafu nimelia tena, hadi bosi wangu akanitoa nje nikapunge upepo. Mimi mzima.

Nimekusamehe. Kukasirika sijamaliza, kutakwisha kwenyewe, lakini kusamehe nimeshasamehe, usiniulize tena.

Umetaka ukweli. Nilibisha kama mtu wa malori. Lori linakwenda siku nzima mwendo mmoja, tabo ndiyo yake. Gari la mkunga linaanza mlima kwa gia ya kwanza, linakwenda polepole, na nyuma yumo mtu anayeuma meno. Hilo linataka nguvu ya papo hapo, isiyorusha. Supachaja ndiyo yake, uliona sawa tangu mwanzo. Na tena kifaa kizuri ni kile ambacho fundi wake anaweza kukipima. Hiyo si aibu ya kuficha nyuma ya mkunga, ni sababu kama sababu nyingine, ungeiandika ya kwanza.

Nimepata supachaja ya injini ya silinda nne, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, mbele halikuguswa. Naituma leo pamoja na mkanda mpya. Ifunge wewe mwenyewe. Gundi iweke ndani ya kabati la mama na umwambie akae na ufunguo.

Kingine. Chukua ile bisibisi yetu ndefu, weka ncha kwenye injini kama zamani, lakini mpini usiuweke sikioni. Uume kwa meno. Kuna mzee mmoja hapa karakanani aliyepoteza masikio kwenye migodi, ndivyo anavyofanya, na hakosei. Mtikisiko unapita kwenye mifupa. Si kila kitu utakipata hivyo, mluzi hutaupata. Mluzi niachie mimi.

Nimeaga kazi. Bosi amenuna, ila amenipa spana za kwenda nazo. Nafika tarehe kumi na mbili Julai mchana. Usijibu barua hii, jibu lako litanipita njiani.

Binti yako,
Nati


Gereji, 12 Julai, asubuhi

Mwanangu Nati,

Hujambo? Najua uliniambia nisijibu. Nimekwenda kukupokea kituo cha mabasi, lakini nakujua, utashuka kabla ya kituo upitie njia ya nyuma, tutapishana, na kunipigia simu hakusaidii. Kwa hiyo naiacha barua hii chini ya bisibisi ndefu, mahali ambapo utaangalia kwanza.

Usishangae alama za meno kwenye mpini. Mara ya kwanza nilipouuma nilikaa chini. Nilikuwa nimesahau injini ina mambo mengi hivyo ya kusema. Nilisikia vali, mwanangu, zote, moja moja, zinapita kwenye taya. Mama yako aliingia akanikuta nimeng'ata bisibisi huku machozi yananitoka, akadhani nimepigwa na umeme.

Supachaja imekaa vizuri. Mkanda nimeupima kwa dole gumba, nimeupima tena. Juzi nilipanda mlima na mkunga na yale magunia. Pale ambapo yule mama alishuka akatembea, gari lilipita kama linasukumwa na mtu mpole kutoka nyuma, halikuhema, halikurusha. Mkunga alipiga usukani kwa furaha. Nami nikamwambia geuza turudi. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, lakini kilele sikukitaka bila wewe. Wasimamizi watatusubiri huko juu keshokutwa asubuhi.

Baba yako mdogo Jumamosi hii hakuja na futi. Mlango wake amekuja kuudai, akakuta mama yako ameshaufunga kwenye choo chetu, na mama yako hatoi kitu alichokwisha kukifunga. Wamegombana kidogo, wamekunywa chai.

Ufunguo wa gari uko kwenye kopo la misumari, palepale. Usinisubiri. Liwashe, fungua boneti, kaa juu ya debe lako la oili, nimelifuta. Lisikilize peke yako kwa muda wowote utakaotaka. Nikifika nitasimama mlangoni na kukutazama usoni, ndiko ninakosomea siku hizi.

Ukiniambia unasikia mbu, nazima injini.

Wako,
Baba